Imeonekana na Nani?

Ndugu zangu mnaoishi katika nyumba za kupanga, na ninyi mliojiandikisha mkisubiri nyumba nafuu za shirika, kaeni niwasimulie jambo. Si la mbali. Ni la jirani yangu wa kibarazani, mshona nguo ambaye mtaa mzima unamwita Mama Vifungo, na la mdogo wake wa tumbo moja. Mimi ni fundi viatu. Meza yangu na cherehani yake vimekaa ubavu kwa ubavu chini ya ghorofa moja kwa miaka tisa. Nitakayosema nimeyaona, na yale ambayo sikuyaona nitawaambia kwamba sikuyaona.

Nianze na siku nzuri. Ilikuwa Jumapili asubuhi, wiki ya sita tangu Mama Vifungo ahamie nyumba yake mpya, nami nilikwenda kumpelekea mama yake viatu nilivyokuwa nimevishona upya. Nilimkuta bibi yule amekaa mlangoni, miguu peku juu ya udongo, anachezesha vidole kama mtoto. Msimcheke. Kwa miaka kumi na mmoja aliishi ghorofa ya tatu katika jengo letu lisilo na lifti, na magoti yake yalikuwa yamegoma ngazi. Akitaka kwenda hospitali alibebwa mgongoni. Akitaka kitu dukani aliteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, nasi tuliokuwa chini tukamjazia.

"Katibu," aliniambia, maana mimi ndiye katibu wa wapangaji, "leo nimetoka nje mwenyewe mara nne. Hakuna aliyenishika mkono."

"Tembea, bibi, tembea," nikamjibu. "Viatu vikiisha ndiyo kazi yangu."

Akacheka mpaka akakohoa. Mama Vifungo alikuwa ndani anapima mapazia, mapazia ya kijani aliyoyaota tangu ramani ya nyumba ilipobandikwa ukutani. Akatuita tuingie tunywe chai, na tufunge mlango kwa sababu upepo ulikuwa unaingiza vumbi.

Nikausukuma mlango. Ukagoma. Nikauwekea bega, ukaishia vidole vinne kabla ya fremu. Wiki iliyotangulia ulikuwa unafunga vizuri kabisa. Tukamwita seremala wa nyumba ya pili, akaja na randa yake, lakini randa hakuitoa hata mfukoni. Aliinama, akaweka pima maji juu ya kizingiti, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mama, mlango wako hauna kosa," alisema. "Kizingiti ndicho kimeshuka."

"Kimeshuka kwenda wapi?" aliuliza Mama Vifungo.

"Chini."

Bibi alidhani ni mzaha, akacheka peke yake. Sisi wengine tulinywa ile chai huku mlango ukiwa wazi, na hakuna aliyeutaja tena.

Ili muelewe kile kizingiti kilikuwa kinashukia wapi, itabidi nirudi nyuma miaka miwili.

Shirika linalojenga nyumba za watu wa kipato cha chini hununua viwanja kwa fedha ya umma na kwa michango yetu wanachama. Ndiyo maana kwetu serikali iliweka kanuni. Kabla shirika halijanunua kiwanja, ofisi ya ardhi lazima itume mkaguzi akakikanyage. Aende mara mbili, wakati wa jua na wakati wa mvua. Aulize majirani, achimbe, atazame kilicho chini. Akiridhika, ofisi igonge muhuri, na bila muhuri hakuna kununua. Ni kanuni nzuri, na sina ugomvi nayo hata kidogo.

Mkaguzi wa upande wetu alikuwa mdogo wake Mama Vifungo. Mama Vifungo aliacha shule ili huyu asome. Sare zake zote, tangu kaptula ya darasa la kwanza mpaka suruali ya siku ya kwanza kazini, zilipita chini ya sindano ya dada yake. Alipopata ajira, Mama Vifungo aliitundika picha yake juu ya cherehani, na kila mteja aliyekuja kupunguza kiuno cha sketi alisimuliwa habari za Mkaguzi. Sote tukazoea kumwita hivyo, naye alipenda. Kila Ijumaa baada ya kazi alipita kibarazani, akakaa kwenye kigoda changu, akanywa chai ya dada yake huku mimi nikimpaka viatu rangi. Na yeye alikuwa amejiandikisha kupata nyumba. Dada alikuwa namba kumi na moja, yeye namba kumi na mbili, ili mama yao awe karibu na watoto wake wote wawili.

Basi siku moja barua ikaja kutoka kwa shirika. Kiwanja kimepatikana, kikubwa, tambarare, udongo mwekundu unaopendeza macho, na nyumba arobaini za awamu ya kwanza zitajengwa hapo. Iliambatana na nakala ya maombi ya kiwanja, na chini yake palikuwa na muhuri wa ofisi ya ardhi, duara la wino wa zambarau, na katikati neno moja: IMEONEKANA. Pembeni palikuwa na saini tuliyoijua sote.

Tulikutana uani, nyuma ya ghorofa, katikati ya kamba za nguo. Nikapanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikasoma barua yote, na nilipofika chini nikapaza sauti: "Ardhi imeonekana!" Watu wakapiga makofi. Ndugu zangu, naomba mjue jambo moja mapema. Kwenye ule muhuri neno "ardhi" halikuwepo. Nililiongeza mimi, kwa furaha tu, na wala sikujua kwamba nimeliongeza.

Makofi yalipotulia, dereva wa lori anayekaa ghorofa ya pili akasimama. Ni mtu asiye na maneno mengi.

"Katibu, samahani. Hicho kiwanja mimi nakijua. Lilikuwa shimo la watu wa matofali. Miaka ile nilikuwa namwaga takataka humo, na kifusi, lori kwa lori, mpaka likajaa. Huo udongo mwekundu wameumwaga juu tu."

Mimi, badala ya kumwuliza zaidi, nikaiinua barua juu ya kichwa changu.

"Bwana dereva, hapa pana muhuri wa serikali. Kati yako na serikali, nani anajua zaidi?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema dereva anakitaka kiwanja apate pa kulaza lori lake, wakacheka zaidi. Dereva akakaa, na jina lake hakuliandikisha. Sisi tukamwona mwoga.

Mama Vifungo alicheka kama wengine, lakini neno lile lilimkaa moyoni. Ijumaa ilipofika, Mkaguzi alipokuja na kukaa kwenye kigoda, dada yake alisimamisha cherehani.

"Mdogo wangu, hebu nikuulize. Dereva wa ghorofa ya pili anasema kiwanja chetu kilikuwa shimo la takataka. Kweli hiyo?"

Mkaguzi alikuwa ameinua kikombe. Hakunywa, wala hakukiweka chini.

"Nani kasema?"

"Dereva. Anasema alimwaga mwenyewe."

"Aa, dada, watu wa malori nao! Si imeonekana? Muhuri si mliuona?"

"Tuliuona."

"Basi."

"Basi, nimesikia," alisema Mama Vifungo, akarudi kwenye kazi yake moyo ukiwa mweupe.

Nami nilikuwa hapo hapo, nimeshika kiatu chake cha kulia. Mtu anaweza kunidanganya kwa mdomo, lakini kwa soli haniwezi. Kiatu kile kilikuwa kimelika kisigino peke yake, ukingo wa nyuma, jinsi kinavyolika kiatu cha mtu anayekaa kwenye kiti cha magurudumu na kujisukuma kwa miguu kutoka meza hii hadi ile. Hakikuwa na mkwaruzo wa jiwe. Mishono yake haikuwa na chembe ya udongo. Niliyaona yote hayo, nikajitia hamnazo. Nikajiambia labda ana viatu vingine vya kwendea viwanjani. Nikakipaka rangi, nikamrudishia.

Nyumba zikajengwa. Kwa mwaka mzima kila aliyepita karibu alirudi na habari: leo wamemwaga zege, leo wamepaua. Katikati ya ujenzi Mkaguzi alimwambia dada yake kwamba ameiacha ile namba kumi na mbili, kwa sababu mkewe hataki kukaa mbali na kazi. Mama Vifungo alisikitika, akasema ndoa ina mambo yake. Wakahamia wakati wa jua kali, familia arobaini, na siku ya kupokea funguo Mkurugenzi wa shirika alimpiga picha bibi yetu akikanyaga sebule yake kwa miguu yake mwenyewe. Mimi nilikuwa wa awamu ya pili, nikabaki ghorofani.

Wiki ya sita mlango ukagoma, kama nilivyowaambia. Wiki ya nane ukuta wa jikoni ulipata ufa mwembamba, na kufikia ya tisa ufa huo ulimeza kidole. Kisha mvua zikaanza.

Mnajua maji ya mvua yanavyoingia nyumbani: yanapita chini ya mlango au yanavuja batini, nawe unakimbilia ndoo. Kule maji hayakuingia hivyo. Yalipanda. Yalitoka chini ya sakafu, kwenye maungio, meusi, yenye harufu ya kitu kilichofukiwa kwa muda mrefu. Nilikwenda kusaidia kuhamisha cherehani, na katika ule ufa wa jikoni nikavuta kitu kilichokuwa kimechomoza. Ilikuwa soli ya kiatu, ya aina ambayo haijauzwa madukani kwa miaka ishirini. Nilisimama nayo mkononi, nikamkumbuka dereva, na nikaona haya mbele ya watu ambao hata hawakujua ninawaza nini.

Siku ya tatu ya mvua, saa sita mchana, bibi alitaka kutoka nje. Alikuwa amezoea kutoka mwenyewe. Sakafu ya sebuleni ilikuwa imeinama kuelekea mlangoni, na juu yake palikuwa na utando wa maji. Aliteleza, akaanguka ubavu, akavunjika nyonga. Mama Vifungo alikuwa amekwenda kumpelekea mteja gauni. Aliporudi alimkuta mama yake chini, maji yamefika masikioni, hapigi kelele, ameshika mguu wa kiti.

Baada ya hapo wizara ikashtuka. Ikaundwa tume, ikaja kutusikiliza katika ukumbi wa shule, viti vya wanafunzi na sisi watu wazima magoti yakigusa videvu. Mwenyekiti wa tume alikuwa mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini. Mambo ya shirika yalijulikana haraka: aliyeuza kiwanja alikuwa shemeji wa Mkurugenzi, na Mkurugenzi alishasimamishwa kazi. Hilo liliwaridhisha wengi. Lakini Mama Vifungo hakuja kwa ajili ya Mkurugenzi.

"Mama, ulijuaje kwamba ardhi ni salama?" Mwenyekiti alimwuliza.

"Ndugu yangu aliiona," alijibu. Alisimama wima kabisa, na bado alikuwa na imani. Niliiona usoni kwake. Alidhani mdogo wake amedanganywa na shirika kama sisi, na kwamba amekuja pale kuwa upande wetu.

Mkaguzi akaitwa. Alivaa suti, hakutazama upande wetu.

"Uliandika kwamba ardhi hii imeonekana," Mwenyekiti alisema.

"Hapana, mheshimiwa. Kwa heshima, sikuandika hivyo. Muhuri unasema 'imeonekana'. Maana yake ni barua. Barua ya maombi imeonekana."

Halafu akaeleza, taratibu, kama mtu anayesoma kwenye karatasi. Kanuni ya ukaguzi ilipotungwa, hakuna aliyekumbuka kuchonga muhuri mpya. Ofisi ikatumia muhuri wa mapokezi, ule unaogongwa kwenye kila karatasi inayopita mezani. Barua imeonekana, fomu imeonekana, ardhi imeonekana: neno ni lile lile moja, na halisemi kilichoonekana ni kipi wala aliyeona ni nani. Katika miaka minne alikuwa amegonga muhuri huo kwenye maombi kumi na sita ya viwanja. Mwenyekiti akamwuliza ni viwanja vingapi kati ya hivyo alivikanyaga. Akasema gari la ofisi lilikuwa bovu.

"Sikuuliza habari za gari," Mwenyekiti alisema.

"Hakuna, mheshimiwa."

Watu wangu, mnataka niwaambie alihongwa. Hata mimi ningependa, maana mtu aliyehongwa unamwelewa, unamtukana, unalala. Tume ilichunguza kila mahali na haikupata hongo. Mkurugenzi alimpigia simu akamwambia mwaka wa fedha wa serikali unaisha, tusaidie, naye hakutaka kuonekana mkaidi. Ni uvivu, na kupenda kusifiwa. Nyumba arobaini zilizama kwa ajili hiyo.

Lakini hilo halikuwa lililomvunja moyo Mama Vifungo. Mwenyekiti alifungua faili jingine, akatoa orodha ya waliojiandikisha awamu ya kwanza. Namba kumi na mbili ilikuwa imekatwa kwa mstari wa rula, na pembeni pana saini na tarehe. Akaisoma ile tarehe kwa sauti. Ilikuwa Alhamisi, siku kumi na tatu baada ya ile Ijumaa ya kikombe cha chai. Msingi wa nyumba ya kwanza ulikuwa haujachimbwa.

Mama Vifungo hakusubiri kuitwa. Aliinuka, akamwendea ndugu yake mpaka wakawa hatua mbili.

"Ijumaa ile nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Ijumaa ile bado, dada. Uliponiambia, Jumatatu nilikwenda kutafuta ramani ya zamani. Ndipo nikaliona shimo."

"Ukalifuta jina lako."

"Dada, ningesema wangeniuliza habari za viwanja vyote. Ningemwaga unga. Nina watoto."

"Nakuuliza kuhusu sisi. Jumatatu umejua. Ijumaa iliyofuata ulikuja?"

Mkaguzi aliinamisha macho kwenye viatu vyake.

"Ulikuja," alisema Mama Vifungo. "Ukanywa chai yangu. Nikakuonyesha vitambaa viwili, ukaniambia mapazia ya kijani yatapendeza."

Akarudi kukaa. Mke wa seremala alimshika mkono, yeye akauchomoa. Kikao kiliendelea karibu saa nzima nyingine na sidhani alisikia lolote. Nilimsindikiza mpaka nyumbani, na njiani aliniuliza jambo moja tu, kama nilikuwepo siku ya vitambaa. Nikamwambia nilikuwepo. Alitaka kuhakikisha kwamba hakuota.

Nyumba zote arobaini zilipigwa alama nyekundu. Wengine walikwenda kwa jamaa, wengine walirudi kupanga. Mama Vifungo alirudi jengo letu, na kilichokuwa wazi kilikuwa ghorofa ya tatu, chumba kinachotazamana na kile cha zamani. Wanaume wanne tulimpandisha bibi kwa machela, tukipumzika kila ngazi ya saba. Mkaguzi alihamishiwa ofisi nyingine. Hakumwaga unga.

Bibi hatukumweleza kisa chote. Tulimwambia maji yameiharibu nyumba, basi. Miezi mitatu baadaye nilipanda kumpelekea fimbo yake niliyoivalisha mpira mpya, maana daktari alitaka ajaribu kusimama. Nikiwa pale mlango ukagongwa, akaingia Mkaguzi na mfuko wa machungwa. Mama Vifungo hakuinua kichwa. Cherehani iliendelea kulia.

Bibi uso ulimfunguka. "Huyu hapa! Njoo, mwanangu, kaa hapa. Katibu, mtazame mtoto wangu alivyokonda. Watu wa shirika wamemtesa. Eti, mwanangu, si wewe ulitukagulia kile kiwanja? Sasa nani alikudanganya?"

Mkaguzi alikaa ukingoni mwa kitanda. Akatoa chungwa, akaanza kulimenya.

"Yalitokea makosa, mama," alisema. "Taarifa hazikufika mahali pake. Utaratibu haukufuatwa."

Cherehani ikanyamaza.

"Usimsemeshe mama kama unaandika barua ya ofisi," Mama Vifungo alisema. "Haukufuatwa na nani?"

Aliendelea kumenya. Alilimenya lile chungwa mpaka likabaki jeupe, akalichana vipande, akampa mama yake kimoja. Ndipo akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtoto kabisa:

"Mama, sikwenda. Kiwanja sikukiona. Baadaye nikajua ni shimo, na sikuwaambia."

"Hukuniambia mimi?"

"Sikukuambia."

"Na nyumba yako ukaiacha."

"Niliiacha."

Bibi alikitazama kipande cha chungwa. Kisha akakirudisha kwenye kiganja cha mwanawe, akamfumba vidole kimoja kimoja mpaka ngumi ikawa imefunga.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Ngazi ni nyingi."

Akageukia ukuta. Mkaguzi alisimama kidogo, akimtazama dada yake, labda akingoja atukanwe. Hakutukanwa. Tulisikiliza viatu vyake vikishuka ghorofa zote tatu, mpaka viliponyamaza.

Nilidhani bibi amelala. Nikachukua kofia yangu niondoke, ndipo aliposema, bado ameuelekea ukuta: "Angeniambia, ningekaa huku huku juu. Na nisingemwambia mtu. Ningemfichia."

Mama Vifungo aliinamia cherehani, akalia mbele yangu kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Picha ya Mkaguzi haijatundikwa tena. Bibi hajasimama, na fimbo iko nyuma ya mlango.

Funzo

Ndugu zangu, serikali inapopewa kazi ya kuangalia viwanja vya nyumba za wanyonge, kinachotakiwa ni macho na miguu. Muhuri ni wino tu. Mkiletewa barua yenye neno la kupendeza, msipige makofi kama sisi. Ulizeni: imeonekana na nani? Alikwenda lini? Jua lilikuwa linawaka au mvua ilikuwa inanyesha? Alichimba wapi, nasi twende tukalione shimo alilolichimba. Anayewajibu vizuri hatakasirika, na anayekasirika ameshawajibu.

Mtu wa kawaida akisimama kwenye mkutano akasema hicho kiwanja nakijua, mwacheni amalize. Mimi nilimnyamazisha dereva kwa karatasi, na nilikuwa katibu, kazi niliyopewa ilikuwa kuwasikiliza watu. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, ila aliniambia kwamba siku zote mbili, ile tuliyomcheka na ile bibi aliyoanguka, alikuwa nyumbani na hakuna aliyemwuliza kitu. Niliona soli ya kile kiatu pia, nikaipaka rangi. Hayo nitayabeba mimi, simtwiki mtu.

Awamu ya pili imekuja, na safari hii mkaguzi ni binti mmoja mwenye buti. Niliacha meza yangu siku mbili nikafuatana naye, jua na mvua, na muhuri mpya una mahali pa kuandika jina na tarehe. Umechongwa baada ya nyumba arobaini kuzama, ilhali kuuchonga ni kazi ya asubuhi moja.

Na wewe mtumishi wa umma unayesoma haya, labda hukuhongwa, labda gari lilikuwa bovu kweli. Kosa la kwanza ungeweza kusamehewa. Lakini siku utakapojua ukweli na mkono wako ukaenda kulifuta jina lako peke yake, basi umeshaona. Umeona kwa macho yako mwenyewe, na majina uliyoyaacha kwenye ile orodha ni ya watu waliokunywesha chai.